Mji wa Waliofika: Hotuba kwa Wahitimu wa Kidato cha Nne, Ujiji

Mkuu wa shule, wajumbe wa bodi, walimu, wazazi na walezi, masheikh na mapadri mliofika hata kabla viti havijapangwa, na ninyi wahitimu ambao leo ndio wenye shughuli: asalaam alaikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, mwakeye. Nimetoa salamu nne kwa sababu hapa Ujiji nikiacha moja nitaulizwa nimeiacha wapi, na sitakuwa na jibu.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie uzalendo. Nimemwomba Mkuu wa shule ruhusa ya kupunguza ukubwa wa somo hilo, ili badala ya kuizungumzia nchi nzima niuzungumzie mji mmoja tu, huu wa Kigoma-Ujiji wenye kata 19 na watu wanaozidi laki mbili, kwa kuwa naamini mtu asiyeweza kueleza kwa nini anajivunia mtaa wake huwa anaisifu nchi kwa mdomo tu. Najivunia mji huu. Nitajaribu kueleza sababu, na sababu yenyewe si ile tunayowapa wageni.

Mgeni akifika hapa, jambo la kwanza tunalomfanyia ni kumpeleka kwenye mnara wa Livingstone. Atasimama chini ya miembe, atasimuliwa habari ya mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipomkuta Dkt. David Livingstone akiwa amedhoofika na kuishiwa mahitaji, kisha atapiga picha na kuondoka. Sina ugomvi na mnara huo, maana kwa miaka mingi umewapa watu wetu riziki. Ila tukumbuke kwamba mabwana wale wawili walikuwa wapita njia. Kabla mwaka huo haujaisha walikwishaondoka Ujiji pamoja, na Livingstone hakurudi tena, akafariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mji uliowapokea, ukawapa mahali pa kulala na kuwauzia samaki na mbuzi, ulikuwepo kabla yao na ukabaki baada yao. Huo haujajengewa mnara.

Hata ziwa lenyewe lilikuwa mahali pengine. Leo ukisimama pale kwenye mnara inakubidi utembee ndipo uyafikie maji, kwa sababu katika miaka ya 1870 Ziwa Tanganyika lilipata njia ya kutokea kwa Mto Lukuga, upande wa Kongo, likaanza kushuka, na ufuko ukasogea mbali na nyumba za watu. Wale wa Kibirizi na Katonga ambao miaka ya karibuni wameyaona maji yakipanda tena hadi mlangoni wanajua kwamba ziwa hili halijawahi kumwahidi mtu kukaa lilipo.

Richard Burton na John Speke walipofika hapa Februari 1858, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa Mrima, yaani pwani ya bara, walikuwa wamekwisha kujijenga, na Wajiji walikuwa wakivua na kuuza tangu enzi ambazo hakuna mgeni aliyeziandika. Soko la Ujiji lilikuwa kubwa kiasi cha kuwa na fedha yake, yaani shanga zilizoitwa sofi. Asubuhi walikuwepo watu wenye mifuko ya shanga hizo, waliokubadilishia kitambaa chako au bidhaa nyingine ulizokuja nazo, ukaenda ukanunua ulichotaka, na soko lilipofungwa wauzaji walizirudisha shanga kwa watu walewale na kupokea mali. Waha walishuka kutoka milimani na mbuzi na nafaka. Wavinza walileta chumvi ya Uvinza, ambayo sifa yake ilivuka mipaka mingi. Wagoma wa ng'ambo waliuza mitumbwi iliyochongwa kwa magogo makubwa ya misitu yao, na mtu wa pwani alileta nguo na hizo shanga zenyewe. Jioni moja ya soko ilikusanya lugha nyingi kuliko zinazosikika leo katika mikutano mingi ya kimataifa, na kilichowawezesha watu kuelewana ni Kiswahili, ambacho kilipumzika hapa kwanza na kisha kuvuka ziwa pamoja na misafara mpaka mashariki ya Kongo, kinakozungumzwa hadi leo.

Sasa nimefika mahali ambapo wasemaji wengi hupaharakisha, nami nitakwenda taratibu. Katika mji huohuo waliuzwa watu. Misafara iliyotoka Ujiji kwenda Tabora na kutoka Tabora kwenda Bagamoyo ilibeba pembe za ndovu, na pamoja na pembe waliongozwa wanaume, wanawake na watoto waliofungwa minyororo na kamba. Miembe mikongwe iliyopandwa kando ya njia ile, ambayo baadhi yake ingali imesimama hapa mjini na nyinyi mmekula matunda yake, ni ushahidi wa safari hizo. Wengi wa waliovushwa ziwa walitoka nchi ya Manyema, mashariki ya Kongo. Wapo waliopitishwa hapa tu, na wapo waliobaki. Wapo pia waliokuja kama wapagazi, askari wa misafara, wake na mafundi, wakaona ni afadhali kujenga hapa kuliko kurudi kwenye nchi iliyokwisha kuteketezwa. Wakaichukua dini ya mji, mavazi ya mji na Kiswahili cha mji, wakaongezea ngoma zao na mapishi yao, na baada ya vizazi vichache ikawa huwezi kuitaja Ujiji bila kuwataja Wamanyema.

Mimi ni wa uzao huo, kwa upande mmoja. Baba wa babu yangu alivushwa ziwa akiwa mtoto, na katika ukoo wetu haijapata kuafikiwa kama alikuja akiwa amefuatana na mjomba wake au alikuja kwa bei. Upande wa mama ni Waha wa Heru. Tena si ajabu katika mji huu kukuta kwamba wajukuu wa waliofungwa kamba na wajukuu wa walioishika kamba hiyo walisoma madrasa moja, wakaoana, na leo wanagombania urithi wa nyumba moja kama watu wa ukoo mmoja wanavyogombana, kwa sauti kubwa na bila aibu.

Kwa hiyo siipendi fahari inayosema kwamba watu wa Kigoma tulipendana tangu mwanzo. Hatukupendana tangu mwanzo. Tulikutanishwa na biashara, na sehemu ya biashara hiyo ilikuwa dhuluma. Kilichotokea baadaye ndicho ninachokionea fahari, nacho kilitokea polepole, bila azimio la mkutano wowote. Watu wa mji huu walijifunza kusitiriana. Waligundua kwamba swali la asili likichimbwa sana litamuumiza kila mtu, akiwemo yule anayechimba, kwa sababu hakuna nyumba hapa isiyokuwa na mtu aliyefika kwa njia ambayo haisimuliki mezani. Ikawa ni adabu ya mji kumpokea mtu kwa anavyojitambulisha mwenyewe. Akisema yeye ni fundi, ataletewa kazi. Akisema ni mwalimu, ataletewa mtoto. Atapimwa kwa kazi yake, kwa ujirani wake na kwa namna anavyohudhuria misiba, na hayo mengine ataachiwa yeye na Mola wake.

Wasomi wakija kutusoma huandika kwamba Kigoma ina mchanganyiko wa makabila. Ni kweli, lakini mchanganyiko peke yake si sifa, kwani hata gereza lina mchanganyiko wa makabila. Ninachokisema mimi ni kwamba stara ile iliyozaliwa na historia chungu ilizaa kitu cha pili ambacho pengine hakuna aliyekikusudia: ilimwachia mtu nafasi ya kuwa yeye mwenyewe. Mahali ambapo kila mtu anajua wewe ni mtoto wa nani, mjukuu wa nani na shamba lenu liko wapi, kazi yako imekwisha kuamuliwa kabla hujaota meno. Hapa, kwa kuwa tuliacha kuulizana sana juu ya nyuma, tulilazimika kutazamana mbele.

Habari ya mji wa Kigoma wenyewe nitaipita haraka, kwa sababu mmeisoma darasani na wengine mmeijibia mtihani. Wajerumani waliifikisha reli hapa mwaka 1914, safari ya kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam, na kwa kuwa ghuba ya Kigoma ina kina kuliko ufuko wa Ujiji, bandari ikajengwa kule na mji mpya ukaota. Meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ilifunguliwa vipandevipande, ikaletwa katika masanduku kwa bahari na reli, ikaunganishwa hapa na kuteremshwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe wasije wakaiacha kwa adui, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 tunaijua kwa jina la Liemba. Reli na meli vilileta makarani, wapakiaji, Wahindi wenye maduka, wafanyakazi kutoka Tabora na Dodoma, na watumishi wa serikali waliopangiwa mwisho wa reli kama adhabu kisha wakakataa kuhamishwa. Wapo waliooa hapa na kuzeekea hapa. Baadhi yao nawaona wamekaa hapa mbele, na sitawataja.

Twende sasa mwaloni, Kibirizi, alfajiri, kabla jua halijatoka nyuma ya vilima. Mitumbwi ya dagaa inarudi, taa zimezimwa, na kila mtumbwi una watu ambao huwezi kuwapanga kwa kabila hata ukitaka. Nahodha ni Mbwari, anayeshika wavu ni Mha kutoka Kasulu aliyeshuka kutafuta mtaji, mwingine ni Mbembe, na kijana wa mwisho hajasema yeye ni nani na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu anajua kuvuta wavu. Ufukweni wanawake wanasubiri na ndoo, na baadhi yao ndio wenye mitumbwi yenyewe. Nimemwona mama mmoja, mtu mzima wa kuheshimika, akiwahesabia wavuvi wake fungu lao huku amefunga kanga mbili na amesimama ndani ya maji mpaka magotini, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumkatiza hesabu. Zikija siku za mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, mitumbwi inakaa ufukweni, na watu wale wale wanakutana msikitini, kanisani, kwenye mpira au kwenye ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mawese, chakula ambacho nimeona kikidaiwa kuwa cha asili na watu wa makabila matano tofauti, kila mmoja akiwa na hakika kwamba wengine waliiga.

Hapo Kibirizi ndipo boti za Gombe zinapoanzia safari, na Gombe ina somo lake katika jambo hili. Julai 1960 alifika hapa binti wa Kiingereza wa miaka 26, Jane Goodall, akiwa na mama yake, kwa kuwa wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali akae msituni peke yake. Mji aliukuta umefurika Wabelgiji waliokuwa wakikimbia machafuko ya Kongo, na siku zake za mwanzo yeye na mama yake walisaidia kuwatayarishia wakimbizi hao chakula kabla hajamwona sokwe hata mmoja. Alipoanza kazi yake, alifanya jambo ambalo wataalamu wa wakati ule hawakulipenda: badala ya kuwapa sokwe namba, aliwapa majina, akisisitiza kwamba kila mmoja ana tabia yake, mpole ni mpole na mkorofi ni mkorofi, na kwamba asiyewaona mmoja mmoja hatawaelewa wakiwa kundi. Ni sokwe mmoja aliyeitwa David Greybeard, mwenye tabia yake ya kutomwogopa sana mtu, aliyemwezesha kuona katika mwaka huohuo sokwe akitumia kijiti kuvulia mchwa kichuguuni, jambo lililobadilisha mawazo ya wanasayansi duniani kote. Utafiti huo ulifanyika katika eneo dogo la msitu, kilomita za mraba zisizofika hata 60, ng'ambo ya rasi tunayoiona tukisimama bandarini. Dkt. Goodall amefariki Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini tunakubali kwamba kila sokwe wa Gombe ana tabia yake, halafu tukikutana na kijana wa jirani ambaye hafanani na wenzake tunamwita mwehu.

Maana vijana wa namna hiyo tumekuwa nao siku zote, na mji huu ulipokuwa katika ubora wake uliwaacha wawe. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na fundi cherehani aliyekataa kushona nguo mbili zinazofanana, hata sare za harusi, na watu walimlalamikia kisha wakarudi kwake. Kulikuwa na mzee aliyefuga njiwa na kuwasomea gazeti. Siku hizi yupo binti anayetengeneza injini za boti, mikono imejaa grisi tangu asubuhi, ambaye wavuvi walimcheka kwa muda na kisha wakaacha, kwa kuwa injini alizozigusa zilikuwa zinarudi na watu wake salama. Na msije mkadhani kwamba mwanamke kushika jambo kubwa ni mgeni kwetu: katika miaka ya 1950, wakati sehemu nyingi za Tanganyika hazikuweza hata kuliwazia jambo hilo, Waha wa Heru walikuwa na mwami, yaani mtawala wa jadi, mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Wale wanaowaambia mabinti zenu kwamba mila za Kigoma haziruhusu hiki na kile, waulizeni wanazungumzia Kigoma ipi.

Wanamuziki waliotoka katika mkoa huu, au ambao wazazi wao walitoka hapa, wamejaa katika redio za Afrika Mashariki. Watu huniuliza tunawalisha nini. Sina nadharia kamili, lakini nadhani mtoto aliyesikia kaswida alfajiri, kwaya mchana, ngoma ya Kiha jioni na redio ya Bujumbura au ya Kongo usiku ana mengi ya kuchagua, na mji ambao haukumpiga marufuku asichanganye umemsaidia nusu ya kazi.

Wahitimu, ningewadanganya kama ningeishia hapo. Stara niliyoisifu ina upande wake mbaya, kwa kuwa stara inaweza kugeuka kimya, na kimya kikamfunika anayeonewa. Kuna mambo ya utumwa ambayo hayakusemwa waziwazi lakini yalisemwa chini kwa chini, hasa wakati wa posa, mtu akaambiwa kwa mafumbo kwamba damu ya wale si ya kuchanganya na yetu. Kuna vijana ambao nafasi niliyoieleza hawakuipata, wakaondoka na treni wakiwa na mfuko mmoja. Ujiji ni mji wa maneno, na maneno ya Ujiji yana meno. Hayo nayakubali.

Lakini linalonisumbua zaidi ni jipya. Swali ambalo mababu zetu waliliacha kwa makusudi limerudi, na safari hii limerudi na makaratasi. Ninyi ambao mmefika umri wa kuomba kitambulisho cha taifa mnajua kwamba kijana wa Kigoma huulizwa mengi kuliko mwenzake wa mikoa isiyo ya mpakani: babu alizaliwa kijiji gani, bibi alizungumza lugha gani, kwa nini jina lako lina mlio wa ng'ambo. Sisemi serikali isihifadhi mipaka yake. Nchi isiyojua watu wake haiwezi kuwahudumia, na Kigoma inapakana na Burundi kwa nchi kavu na Kongo kwa ziwa. Ninachokisema kinatuhusu sisi wenyewe. Mara ngapi tumesikia jirani amegombana na jirani yake juu ya mpaka wa kiwanja, na neno la kwanza lililomtoka ni "Mrundi wewe" au "rudi kwenu Kongo"? Mara ngapi taarifa ya siri kwamba fulani si raia imepelekwa na mtu aliyekula naye futari wiki iliyotangulia? Afisa anayekuja kuuliza hawezi kuujua ukoo wa mtu peke yake. Anaambiwa na sisi.

Nisingependa mtu asikie maneno haya akadhani nawasema watu wasiojua ukarimu. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walikwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, na Liemba ilikwenda na kurudi ikiwachukua. Walipofika hapa wengi walipumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu, ambayo tangu mwaka 1996 ilikuwa ikiwahifadhi Wakongo. Wengi wenu mlikuwa wadogo sana, lakini mama zenu wanakumbuka walichokipeleka uwanjani: uji, kanga, sufuria, ndizi, na kipindupindu kilipoingia hawakuacha kupeleka. Miaka sita baadaye, Julai 2021, uwanja huohuo ulipokea fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Yanga, na mji ukageuka nusu mwekundu nusu kijani. Simba walishinda kwa bao moja, na ziko nyumba ambazo watu wake hawakusalimiana kwa siku kadhaa. Nafurahi kuishi katika mji ambao uwanja wake umefanya kazi zote mbili hizo, na ambao ugomvi wake mkubwa kuliko wote ulikuwa wa mpira.

Kwa hiyo nawaomba nini? Mwaka huu au ujao wengi wenu mtaondoka. Wapo watakaokwenda kidato cha tano Tabora, Iringa au Kilimanjaro, wapo watakaokwenda vyuo vya ufundi, na wapo watakaopanda treni kwenda Dar es Salaam bila mpango ulioandikwa. Huko mtakuta kwamba kutoka Kigoma ni mzaha wa watu, mtaitwa watu wa mwisho wa reli na mtaigizwa lafudhi yenu. Msiifiche lafudhi. Nimewaona vijana wetu waliofika mjini na kujifanya wazaliwa wa Ilala, na baada ya mwaka mmoja hawakuwa wa Ilala wala wa Ujiji. Mtu akiwauliza kabila lenu na mnataka kumjibu, mjibuni. Msipotaka, mwambieni mnatoka Kigoma-Ujiji na muendelee na kazi iliyowapeleka. Na kama mtakuta bwenini mwenzenu ambaye hafanani na wengine, anayesoma vitabu visivyo vya mtihani au anayesali peke yake au asiyependa mpira, mkumbuke mlikotoka na mkae naye meza moja.

Ombi langu jingine ni kwa wazazi. Wazee waliokuwa wanaijua habari ya kufika kwetu wanapungua, na tukiendelea kusitiri hata kwa watoto wetu wenyewe, watoto hao watashindwa kujibu afisa akiwauliza, na watakaposhindwa kujibu wataonekana wageni katika mji ambao vizazi vinne vyao vimezikwa. Kumchimba jirani ni jambo moja, na kumsimulia mwanao ni jambo jingine kabisa. Simulieni hata yale yenye uchungu, aliyeuzwa na aliyeuza. Mtoto wa miaka kumi na saba ambaye amefaulu mtihani wa historia ya vita vya watu wa mbali anaweza kustahimili historia ya bibi yake.

Nimekuja na boksi la madaftari, liko pale mezani karibu na mlango, moja kwa kila mhitimu. Ukurasa wa kwanza uandikwe na wewe pamoja na mzee wako: nani wa kwanza katika ukoo wenu alifika katika mji huu, alitoka wapi, alikuja kwa miguu, kwa mtumbwi, kwa reli au kwa meli, na alifanya kazi gani ya kwanza. Mwalimu wa historia amekubali kwamba wale watakaopenda wataleta nakala ihifadhiwe katika maktaba ya shule. Asiyependa asilazimishwe, na asiulizwe sababu.